Mwalimu Ambaro wa Nyumba ya Katikati

Waheshimiwa wazee, majirani, na ndugu mliofika leo, siku ya tatu ya msiba, wa ng'ambo hii ya barabara na wa ng'ambo ile: sote tumetoka kwa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Familia imemwomba Sagal, binti wa marehemu, asome maneno haya machache kuhusu maisha ya mama yake. Yamechapishwa pia kwenye karatasi mlizopewa mlangoni.

Marehemu Ambaro Samatar Gurey alizaliwa mwaka 1956, msimu wa mvua kubwa, karibu na mji huu wetu wa Elgaras, mkoani Mudug. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Samatar Gurey, wa ukoo wa Korane, na Bibi Dahabo Rooble. Wa kwanza alikuwa kaka yake, Hirsi. Mama yao alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na ni Hirsi aliyembeba mdogo wake mgongoni kila familia ilipohamisha mifugo. Marehemu alikuwa akisema kwamba dunia aliiona kwanza kupitia juu ya bega la kaka yake.

Mwaka 1964 baba yao alihamia mjini akafungua duka, na marehemu akaanza shule ya msingi hapa Elgaras. Alimaliza sekondari mwaka 1974. Mwaka huohuo, kama wengi wa rika lake, alipelekwa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika lugha yetu, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imepata herufi zake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, ana ubao mmoja uliofungwa juu ya ngamia. Kwenye kambi ya kwanza mzee mmoja aliutazama ubao, akamtazama na yeye, akauliza, "Binti, hizi herufi zako zinakamuliwa?"

"Hazikamuliwi, babu."

"Sasa za nini?"

"Ukijua kuandika, utaandika jina lako kwenye ngamia wako. Mwizi hatasema ni wake."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kwani mwizi naye amesoma?"

Kambi nzima ilicheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Mzee yule alikaa chini, na hadi marehemu anaondoka alikuwa anaandika jina lake na la baba yake. Kisa hiki aliwasimulia wanafunzi wake wote. Kama umesoma kwake, umekisikia.

Alirudi akasomea ualimu Mogadishu, na mwaka 1977 akapangiwa Shule ya Msingi ya Elgaras. Alifundisha darasa la kwanza. Alipotakiwa kupandishwa darasa la juu alikataa. Alisema huko juu watoto wameshafundishwa nyumbani kwao nani ni adui.

Tarehe 2 Agosti 1979 alifunga ndoa na Shirwa Elmi Fahiye, karani wa posta, wa ukoo wa Dore. Wakati ule serikali ilikuwa imepiga marufuku kutaja koo. Mtu aliyetaka kujua aliuliza mwenzake alikuwa nani "zamani", kana kwamba ukoo ni kazi aliyoiacha. Siku posa ilipoletwa, shangazi yake alimvuta pembeni akamuuliza, "Huyu Shirwa alikuwa nani zamani?"

"Zamani alikuwa mtoto mchanga, shangazi. Sasa amekua."

Walijenga nyumba hii mnamo 1980 kando ya barabara ya lami, kwa sababu ilikuwa karibu na posta na karibu na shule. Hakuna sababu nyingine. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mahad, Sagal, na Keynan aliyezaliwa mwaka 1989.

Serikali ilipoanguka mwaka 1991, mji ulijigawa wenyewe. Korane wakabaki mashariki ya barabara, Dore magharibi, na bunduki zikakaa katikati. Shirwa alivuka kwenda mashariki mwezi wa Mei 1992 kutafuta mtama wa watoto wake. Aliuawa na watu wa upande wa mkewe ambao mpaka leo hakuna aliyetaja majina yao. Baada ya eda, ndugu za mume walikuja wakamwambia, "Shemeji, rudi kwa watu wako, watoto tuachie sisi." Wiki hiyohiyo kaka yake Hirsi alikuja kwa mlango wa nyuma. "Njoo nyumbani, Ambaro. Watoto wa Dore watalelewa na Dore." Marehemu aliwapikia wote chai. Aliwajibu wote jibu moja, kwamba nyumba ni yake na watoto ni wake. Walikasirika kila mmoja kwa wakati wake, wakaenda zao.

Hivyo ndivyo alivyobaki katikati. Nyumba zote za jirani zilihamwa, zikabomolewa, milango ikaibwa, mabati yakaibwa. Kwa miaka mingi marehemu hakuwa na mtu wa kumwomba chumvi. Mlango wa mbele ulitazama Dore, wa nyuma ulitazama Korane, na usiku hakuna upande wowote uliopitisha mtu. Sagal anakumbuka mama yake akizungumza na redio. Alikuwa akimjibu mtangazaji wa habari.

Mwaka 1995, mapigano yalipopungua, alifungua shule uani. Watoto wa Dore waliingia kwa mlango wa mbele, wa Korane kwa mlango wa nyuma, na wote wakaketi kwenye mkeka mmoja kwa sababu mkeka ulikuwa mmoja. Miongoni mwa waliopita mlango wa nyuma ni Bile, mtoto wa kaka yake Hirsi. Alikuwa rika moja na Keynan. Waligawana daftari, waligawana na chawa. Marehemu alipowanyoa vichwa siku moja Bile alilia, Keynan akamwambia, "Nyamaza, nywele zitaota tena, za kwako na za kwangu."

Mahad alikwenda Marekani mwaka 2003. Sagal aliolewa Nairobi mwaka 2008. Keynan hakutaka kuondoka. Utawala mpya wa mkoa ulipoanza kuajiri polisi, na ukataka watoke koo zote mbili wavae sare moja, alikuwa wa kwanza kutoka upande wa Dore kujiandikisha. Mama yake aliifupisha ile sare kwa mkono wake, maana ilikuwa imeshonewa mtu mnene.

Siku ya Jumapili, tarehe 3 Machi 2013, Keynan na wenzake walitumwa kuondoa kizuizi cha barabarani upande wa mashariki, ambapo vijana walikuwa wakiyatoza malori. Aliyeshika kizuizi hicho alikuwa Bile. Mama mmoja muuza chai aliyekuwapo ndiye aliyeieleza mahakama yaliyosemwa.

"Hapa Dore hapiti," Bile alisema.

"Bile, ni mimi. Nimekuja kama polisi."

"Polisi wa nani?"

"Wa serikali."

"Serikali ya nani? Rudi nyumbani, Keynan. Nakuambia rudi, usiniaibishe mbele ya watu."

Keynan aliinama kuondoa jiwe la kwanza. Bile alifyatua. Muuza chai alisema kijana aliyepiga risasi ndiye aliyepiga kelele, si aliyepigwa.

Keynan alizikwa mchana uleule kwenye makaburi ya Dore. Kabla mavumbi hayajatulia, kaka yake Shirwa, Mzee Fahiye, alikuja hapa uani na vijana wenye silaha. "Usilie, shemeji. Kabla ya Ijumaa watalia wao."

"Nani atalia? Hirsi? Ardo mkewe? Nimeshawaona wakilia. Haikunisaidia kitu."

"Basi watalipa ngamia wa damu."

"Watakulipa wewe, Mzee Fahiye. Ngamia watakwenda kwenu. Mimi mtaniletea nini, mtindi?"

Hakuna aliyecheka. Marehemu alijifunga mtandio wake akavuka barabara peke yake, akaenda kukaa mlangoni kwa kaka yake, chini ya jua. Hirsi alitoka akamkuta.

"Dada, yaliyotokea yametokea. Wazee watakutana. Tutalipa ngamia wote, bila kupunguza hata mmoja."

"Nataka Bile."

"Umfanye nini?"

"Nimpeleke mahakamani."

"Mahakama gani? Ile ya bati, yenye hakimu wa kutoka Baidoa ambaye hata hatujui ni nani?"

"Huyohuyo. Kwa kuwa hamumjui ni nani."

Hirsi aliingia ndani akafunga mlango. Ardo alimletea maji wifi yake, akasimama karibu naye kivuli chake kimfunike, mpaka mumewe alipomwita. Marehemu alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne mlango ulifunguliwa na Bile mwenyewe, hajafunga hata viatu. Alisema, "Shangazi, nimechoka kukusikia ukikohoa hapo nje. Twende."

Wengi wenu mlioko hapa mliwaona siku ile. Vijana wa Korane walikuwa juu ya mapaa ya mashariki na vijana wa Dore walikuwa juu ya mapaa ya magharibi. Marehemu alimshika Bile mkono, akatembea naye katikati ya lami kuelekea mahakamani, yeye akiwa upande ambao risasi ingetokea. Na walipovuka, akabadilisha mkono, akahamia upande wa pili. Hakuna aliyefyatua. Aliulizwa baadaye kama hakuogopa. Alijibu kwamba aliogopa sana, na kwamba kiganja cha Bile kilikuwa kimelowa jasho kama siku alipompokea mlango wa nyuma aanze shule.

Hakimu Yabarow alimweleza kwamba, kama mama wa aliyeuawa, dini inampa haki ya kudai kisasi, au dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe. Marehemu alisema kisasi hataki, dia hataki, na msamaha ni jambo lake na Mungu wake, halijafika bado. Alitaka Bile ahukumiwe kwa kumuua polisi, kwa sheria ya nchi, kama mtu yeyote angehukumiwa. Hakimu alimhukumu kifungo cha miaka minane. Ilikuwa kesi ya kwanza ya mauaji katika mahakama ile, na wazee wetu wengi hapa walisema kwa sauti kwamba itakuwa ya mwisho.

Baada ya hukumu, Dore walimwona mwanamke aliyewanyima heshima yao, na Korane walimwona binti aliyemfunga mtoto wao. Watoto wakaondolewa shuleni, wa mlango wa mbele na wa mlango wa nyuma. Hirsi alituma mtu kumwambia kwamba hana dada tena. Marehemu aliendelea kufagia uani kila asubuhi na kutandika mkeka. Mchana aliukunja.

Mwezi wa Ramadhani mwaka 2014, wazee wa koo mbili walikutana mbali na mji, wakakubaliana juu ya ngamia, na Bile akatolewa gerezani. Hakimu Yabarow alikuwa ameshahamishwa. Marehemu hakuambiwa. Alijua siku aliyokuta ngamia jike amefungwa kwenye lango lake, fungu lake la mama. Alimfungua akamsukuma aende. Alasiri ya siku hiyo Bile alisimama mlangoni. Haya marehemu aliyasimulia mwenyewe kwa binti yake, kwa simu.

"Shangazi, wamenitoa."

"Nani kakutoa?"

"Wazee. Wa kwetu na wa kwenu."

"Hukumu ilisema miaka minane."

"Najua. Nyumbani wamenichinjia mbuzi, wanaimba. Sikuweza kula. Nimerudi gerezani, askari kanikatalia. Anasema jina langu limefutwa, na hana chakula cha mtu asiye na jina. Nimwambie nini? Nimebisha mlango mpaka mkono umevimba."

Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Hatimaye alisema, "Kuna kitanda cha Keynan. Lango la mbele hutoki, la nyuma hutoki. Siku miaka itakapotimia, nitakuambia."

Bile aliingia.

Sagal alimuuliza mama yake kwenye simu, "Mama, utaweza kumwona kila siku?" Alijibu, "Siwezi. Lakini serikali imeshindwa kumweka, na mimi nilisema mbele ya watu kwamba ipo." Mahad, kule Minneapolis, hakuweza kulikubali. Alituma matumizi kila mwezi kama kawaida, ila kwa muda mrefu hakupiga simu.

Miaka ile ilikuwa ya upweke kuliko yote aliyowahi kupita, na marehemu hakuificha. Aliishi nyumba moja na mtu, wasizungumze. Alimpikia mkate wa anjera asubuhi na tambi mchana, akamwekea sahani kizingitini, naye akala upande wake wa ukuta. Bile alichota maji ya kisima cha uani, akatengeneza paa, akapanda mchongoma kuzunguka ua. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Keynan hakutoka chumbani, na marehemu hakupika. Mjini watu walisema amerogwa. Wengine walisema anamtilia sumu kidogokidogo. Mwanamke mmoja alimuuliza sokoni, "Ambaro, yule mfungwa wako hajambo?" ili wenzake wacheke. Marehemu alijibu, "Hajambo, ananenepa. Wafungwa wa serikali ndio wanaokonda."

Mwaka 2015 mji ulipounda baraza lake la kwanza, viti viligawanywa kwa koo, na vichache vikatengwa kwa wanawake. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake walimchukulia fomu. Karani aliuliza amwandike chini ya ukoo gani. Wa Korane wakasema, huyo ni wa Dore, aliolewa huko. Wa Dore wakasema, huyo ni wa Korane, alizaliwa huko. Marehemu akamwambia karani, "Niandike chini ya bomba la maji la sokoni. Pale wote mnafika." Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akamwomba radhi, fomu haikuwa na nafasi hiyo. Alirudi nyumbani kwa miguu. Baraza lilianza kazi bila yeye, na hadi anafariki, kila lilipogombana, waliotumwa kuuliza la kufanya walikuwa wakija kwa siri, mmoja kwa mlango wa mbele, mwingine wa nyuma.

Mwezi wa Machi 2021, asubuhi moja, aligonga mlango wa chumba cha Keynan. "Bile, umemaliza. Nenda." Bile aliuliza kama amemsamehe. Marehemu alisema, "Nimekuambia umemaliza. Hilo lingine usinihimize." Bile alibusu mkono wake akatoka kwa lango la mbele, akapata kazi ya utingo kwenye malori ya Bosaso. Wiki ile nzima marehemu aliendelea kupika chakula cha watu wawili, na kila siku cha pili alikimwaga. Alimwambia Sagal jambo hilo kwa aibu kidogo, kama mtu anayekiri kusahau umri wake.

Kisukari kilimwanza mwaka huohuo. Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa, na madaktari wakashauri apelekwe Nairobi. Alikwenda, akakaa Eastleigh kwa Sagal miezi miwili, akawafundisha wajukuu herufi, kisha akataka arudishwe. Alisema kule watu ni wengi mno na hakuna anayemwogopa. Binti yake alirudi naye. Siku za mwisho alikuwa mtulivu. Ijumaa moja alimwita Sagal karibu akasema, "Yule kijana nimemsamehe. Nilikuwa nimeshamsamehe zamani, sikutaka tu azoee." Sagal alimpigia Bile akamwambia. Upande wa pili wa simu kulisikika lori likisimama.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Asubuhi ile kulitokea mabishano ambayo wengi wenu mliyasikia. Mzee Fahiye alisema azikwe kwa Dore, karibu na mumewe na mwanawe. Wazee wa Korane walisema safari hii damu yao irudi nyumbani. Baada ya miaka yote ile kila upande ulimtaka. Lakini alikuwa ameacha wosia wa mdomo kwa imamu na kwa binti yake: azikwe nyuma ya hospitali, kwenye makaburi ya wageni, wanakozikwa madereva waliokufa njiani, wakimbizi wa ukame, na maiti wasiojulikana. Ndiko alikozikwa adhuhuri. Kaburi lilichimbwa na Bile, aliyesafiri usiku kucha kutoka Bosaso alipoambiwa hali yake ni mbaya, pamoja na wanafunzi wake wa zamani. Hapakuwa na watu wengi. Hata leo wengi wenu mmekaa huku wa Dore na kule wa Korane, na mkeka wa katikati uko wazi.

Marehemu ametanguliwa na mumewe Shirwa na mwanawe Keynan. Ameacha watoto wawili: Mahad, anayetusikiliza kwa simu iliyoko hapa mezani, na Sagal, wajukuu watano, shemeji yake Mzee Fahiye, wifi yake Ardo, ambaye tangu Jumanne ndiye anayetupikia, mtoto wa kaka yake, Bile, ambaye marehemu alielekeza atajwe pamoja na watoto, na kaka yake wa pekee, Mzee Hirsi Samatar. Nyumba yake inaonekana kutoka hapa. Tumempelekea taarifa mara tatu, na kiti chake tumekiweka. Hajafika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ambaro, ampanulie kaburi lake, na huko alikolala ampe majirani.